Makopo Nyuma ya Saluni

Mdogo wangu ni msusi, na katika miaka yote ambayo ameifanya kazi hiyo sijawahi kumsikia akimwambia mteja kwamba amemharibia. Si kwamba haharibu. Dawa ya kulainisha nywele ni dawa kali. Ikikaa kichwani kupita kiasi huunguza ngozi, na hakuna msusi duniani ambaye haijawahi kumponyoka. Lakini yeye akiona kidonda kimejitokeza nyuma ya sikio, hapigi kelele wala habadili sura. Husuuza upesi, hupaka mafuta, hubuni papo hapo mtindo mwingine ambao nywele zake zitaangukia upande ule ule, na mteja huondoka akijigeuzageuza mbele ya kioo. "Mtu akiingia kwangu lazima atoke akiwa mzuri kuliko alivyoingia," huniambia. "Mengine yote ni yangu mimi na Mungu wangu."

Naitanguliza tabia hii kwa sababu asiyeijua hataelewa yaliyompata binti yake katika mashindano ya taifa ya utafiti wa kisayansi kwa wanafunzi wa sekondari. Watu wawili wenye shahada kama yangu wamekwisha kuniambia usoni kwamba yale yalikuwa ama ujinga ama hila. Hayakuwa ujinga. Wala hayakuwa hila. Na kwa kuwa wenye kusema hivyo wana midomo mipana na mdogo wangu hana muda wa kuwajibu, nitasimulia mimi.

Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba anayopanga. Kuna vioo viwili, kimoja kimepasuka pembeni na ufa wake umezibwa kwa picha ya mwanamke mwenye nywele za mawimbi. Kuna draya mbili za kukaushia, moja ikinguruma kama mtu mwenye mafua. Na kuna sinki lenye pengo la kulazia shingo. Chini ya sinki limetoka bomba linalotoboa ukuta, linapita uani, na kumwaga maji katika mfereji unaoelekea kwenye kiwanja cha jirani. Kila siku maji yenye povu, dawa na rangi ya nywele hupita humo. Wateja humwita mdogo wangu Fundi. Binti yake walimbandika jina la Profesa tangu alipokuwa mdogo, siku aliposimama katikati ya saluni na kuuliza kwa nini dawa inayolainisha nywele hutoboa taulo.

Jirani wa nyuma ni mstaafu anayelima mboga za kuuza. Humo saluni jina lake ni Bwana Mchicha, ingawa hakuna anayethubutu kumwita hivyo mbele yake. Siku moja aliingia na mche mkononi, mizizi ikidondosha udongo sakafuni.

"Shikamoo, baba," Fundi akamwahi.

"Marahaba. Tazama huu."

"Naona. Labda mbegu zimezeeka."

"Aliyezeeka ni mimi, na bado nasimama. Huu umelala. Maji yako ndiyo yanayoulaza."

"Mzee, labda unataka kusukwa," mteja mmoja akasema kutoka chini ya draya, na saluni nzima ikacheka.

Bwana Mchicha hakucheka. Aliuweka mche juu ya meza ya vitana, kati ya rola na kopo la mafuta, akasema kwa upole uliotisha kuliko ukali, "Mimi sitagombana na wanawake. Nitakwenda kwa bwana afya, aje apime mwenyewe."

Alipotoka, kicheko kilikuwa kimekwisha. Kila mtu alijua bwana afya akija hupiga kufuli kwanza, kisha ndipo hupima. Fundi aliuokota ule mche, akautupa, akafuta meza, akarudi kwenye kichwa alichokuwa akikisuka. Lakini mikono yake, Profesa aliniambia baadaye, ilikuwa ikikosea kugawa mafungu.

Ni katika majuma hayo mwalimu wa kemia alipotangaza darasani kwamba shule itapeleka kazi katika mashindano ya taifa. Profesa alikuwa katika mwaka wake wa mwisho, na kanuni haziruhusu aliyemaliza shule kushiriki. Washindi husomeshwa chuo kikuu. Fundi alikuwa na uwezo wa kumlisha mwanawe na kumvisha, lakini chuo kikuu kilikuwa jambo ambalo hatukulizungumza, kama vile watu wasivyozungumzia ugonjwa ambao hawana dawa yake.

Profesa alichagua swali lililokuwa likitiririka uani kwao. Je, maji ya saluni huua mimea, na je, yakichujwa kwa mkaa na mchanga yanaweza kuwa salama? Alitoboa ndoo chini, akapanga kokoto, mchanga na mkaa uliopondwa, akapata chujio. Akaosha makopo matupu ya dawa ya nywele, akayajaza udongo wa aina moja, akapanda maharage. Safu ya kwanza ingenyweshwa maji safi ya bomba, safu ya mwisho maji ya saluni kama yalivyotoka sinkini, na safu ya katikati maji ya saluni yaliyopita kwenye chujio. Kila alasiri, kabla hata ya kuvua sare, alichuchumaa uani na rula yake akipima urefu wa miche na kuhesabu majani.

Fundi aliipenda kazi hiyo kwa sababu zake. "Chujio likifaulu," aliniambia, "nitamchukua Bwana Mchicha kwa mkono, nimwonyeshe cheti cha taifa. Aende nacho kwa huyo bwana afya wake." Kwake yeye mashindano yalikuwa shahidi wa utetezi. Aliwaonyesha wateja chujio, nao wakatia utani.

"Profesa, na nywele zangu zimo kwenye huo utafiti?"

"Zimo, shangazi. Ndizo zinazoziba bomba."

Maharage yaliota vizuri katika safu zote. Kisha safu ya maji machafu ikaanza kugeuka manjano pembezoni mwa majani, kama ilivyotarajiwa, na hakuna aliyesikitika. Baadaye kidogo, wakiwa mezani, Profesa akasema huku akiisogezasogeza sahani, "Mama, hata ya chujio yanaanza kujikunja."

"Yataamka," Fundi akasema.

Na kweli yakaamka. Siku chache tu baadaye safu ya katikati ilinyanyuka, ikarudisha rangi, ikaikaribia safu ya maji safi. Profesa alipima mara mbili kwa kutoamini macho yake. Mwalimu wa kemia alipoona mchoro, mstari uliozama kisha ukapanda, alimshika bega mbele ya darasa zima. Kazi ikapelekwa kwenye mchujo wa awali, ikapita. Shule ile ilikuwa haijawahi kufika hatua ya taifa. Mkuu wa shule alilitangaza kwenye paredi ya asubuhi, na bango kubwa likachapwa kwa herufi za kijani: CHUJIO LA MKAA LAOKOA MIMEA.

Hapo ndipo mimi nilipoingizwa. Fundi aliniletea binti nyumbani kwangu ili nimsikilize akijizoeza, "maana wewe dada ndiye msomi, mimi nitasikia tu kwamba anaongea vizuri." Aliongea vizuri mno. Alikuwa amekaririshwa na mwalimu kuanzia "Waheshimiwa majaji" hadi "asanteni kwa kunisikiliza", na aliposita alirudi mwanzo wa sentensi kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Nilimuuliza swali moja tu: karatasi ya litmasi ilisemaje kuhusu maji yaliyochujwa?

Uso wake ukabadilika. "Inageuka buluu, Mama Mkubwa. Sawasawa na ya maji machafu."

"Yaani chujio haliondoi ile dawa?"

"Linaondoa povu na rangi. Ukiyatazama utayaonea kiu. Lakini karatasi inasema dawa bado imo."

"Sasa mimea imeponaje?"

"Ndilo linaloninyima raha. Mwalimu kasema hilo la litmasi tuliache, lisiingie kwenye bango, litawachanganya watu."

Nilikasirika, na sikuficha. Mtoto amefundishwa miaka yote kwamba sayansi ni kuuliza, na siku anapouliza swali la kwanza la kweli anaambiwa anyamaze ili bango lipendeze. Lakini hasira yangu haikumsaidia kitu. Aliondoka kwangu akiwa na wasiwasi kuliko alivyokuja, na tangu siku hiyo, mama yake aliniambia, akawa mtu wa kuacha chakula nusu na kusahau alichotumwa.

Asubuhi moja alisahau rula, akarudi nyumbani kutoka njiani. Saluni ilikuwa haijafunguliwa. Alipitia uani, akamkuta mama yake ameinama juu ya makopo, khanga kifuani, kikombe cha maji ya bomba mkononi.

"Mama, unafanya nini?"

Fundi hakushtuka, hakujua kwamba kulikuwa na la kushtukia. "Vilikuwa vinakufa hivi. Navipa kidogo."

"Vipi? Hivi vya katikati?"

"Hivi vya katikati, ndiyo. Vile vya mwisho nimeviacha, si ulisema vile ni vya kufa?"

"Tangu lini, mama?"

"Tangu vilipoanza kujikunja. Naamka nakuta vimelala, utadhani vinanisubiri mimi. Nikasema, mtoto akitoka huko ashinde na kazi iliyoharibika? Na mtihani wenyewe ni huu huu."

"Siyo mtihani."

"Kila mnachopewa alama ni mtihani. Nenda shule, utachelewa."

Hakwenda shule. Alikuja ofisini kwangu akiwa na sare na mfuko wa daftari, akakaa kwenye kiti cha wageni bila kuegemea. Alinisimulia yote kwa sauti ya chini, kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo, kwa sababu sijamsikia mtu mzima akiueleza mtego kwa uwazi namna ile.

"Nisiposema, mimi ni mwongo. Nikisema, mama ndiye aliyeharibu, na maji ya mama ndiyo yanayoua. Yote mawili yataandikwa, Mama Mkubwa. Na bwana afya anajua kusoma."

Nilimpa dirisha. Jikoni kwangu kuna dirisha pana linalopata jua, na maharage ni mmea wa haraka. Ulikuwapo muda wa kurudia kazi yote kabla ya fainali, mbali na kila mkono wenye huruma. Akaleta makopo, udongo, ndoo ya chujio. Kila jioni alikuja na madumu mawili ya maji kutoka saluni, akayachuja mwenyewe, akamwagilia mwenyewe. Mimi nilijikataza hata kuligusa pazia. Lakini kukaa na kitu usichoruhusiwa kukigusa ni kazi, na nakiri kwamba kila nilipochota maji ya chai nilikuwa nikiyatazama yale ya katikati kwa jicho la pembeni, moyo ukiniambia neno moja na akili ikiniambia jingine.

Yakajikunja. Yakawa manjano, taratibu kidogo kuliko yale ya maji machafu, lakini kwa njia ile ile, kutoka ukingoni kwenda katikati. Profesa alipima, akaandika, akaketi juu ya stuli ya jikoni.

"Chujio halifai," akasema.

"Halifai kwa dawa hii," nikamrekebisha.

"Bango linasema linafaa."

Tukaenda wote wawili kwa mwalimu wa kemia. Tulimkuta katika chumba cha maabara, akibandua lebo kuukuu kwenye chupa. Sitaki kumchora kama shetani. Ni mtu anayefundisha madarasa yaliyofurika, anayenunua chaki kwa mfuko wake, na ambaye peke yake katika shule ile alijisumbua kuingiza watoto kwenye mashindano. Ndiyo maana alinikera zaidi. Mwovu angenipa nafuu.

"Mama, nimekuelewa," alisema. "Lakini matokeo yaliyopokelewa ni yale. Kanuni ziko wazi: kazi ikibadilika baada ya mchujo, haipewi alama. Mtoto atasimama pale bure."

"Atasimama na ukweli."

"Ukweli haumsomeshi mtu chuo, mama." Akamgeukia Profesa, sauti ikalainika. "Binti yangu, nisikilize. Useme chujio limeonyesha matumaini. Halafu mwishoni, kwa sauti ile ile, useme utafiti zaidi unahitajika. Hujadanganya hapo. Hata wakubwa ndivyo wanavyoandika."

Ndivyo wanavyoandika. Nimezipitisha mikononi mwangu ripoti za watu wenye vyeo virefu zinazomalizikia kwa sentensi hiyo hiyo, na nikazigonga muhuri. Profesa alitutazama mmoja baada ya mwingine, kama anayesubiri watu wazima wamalize ili ajue yeye yuko wapi.

"Naweza kwenda na makopo?" akauliza.

"Makopo ya kwanza?"

"Ya dirishani."

"Utaenda na bango," mwalimu akasema. "Bango ndilo lililosajiliwa."

Kulikuwa kumebaki jambo moja, na hilo alilifanya peke yake. Alimwambia mama yake, saluni ilipokuwa tupu, kila kitu: ya dirishani, ya litmasi, na kwamba angesema. Fundi alisikiliza mpaka mwisho huku akikusanya nywele sakafuni kwa ufagio. Kisha akanijia mimi.

"Dada, wewe umesoma. Niambie. Mtoto akisimama mbele ya taifa zima akasema mama yake ndiye mharibifu, hiyo ndiyo sayansi?"

"Hatasema hivyo."

"Atasemaje? Kuna namna nyingine ya kulisema?" Alisubiri. "Unaona? Na Bwana Mchicha naye atafurahi. Miaka yote hii nimekaa na vichwa vya watu, hakuna hata mmoja aliyetoka kwangu analia. Leo nimwage kikombe cha maji kwenye maharage, niwe mhalifu."

"Hakuna aliyekuita mhalifu."

"Bado. Siku yenyewe haijafika." Akakunja kitambaa alichokuwa nacho mara nyingi kuliko kilivyohitaji. "Aseme atakavyo. Lakini nitakuwepo. Kama ni kusikia, nisikie kwa masikio yangu."

Sijui kama alikusudia kumtia moyo au kumtisha. Profesa alipoambiwa kwamba mama atakuja, alirudi dirishani kuyapima makopo upya.

Ukumbi wa mashindano ulikuwa na meza zilizopangwa kwa mistari, zimetandikwa vitambaa vyeupe, na nyaya za umeme zimebandikwa sakafuni kwa gundi. Wazazi na wageni tulizuiwa nyuma ya kamba. Kanuni ilisomwa kwa kipaza sauti: mzazi haruhusiwi kujibu wala kuashiria, akifanya hivyo mtoto atapunguziwa alama. Nilipopeleka macho kwenye meza ya jirani nikamwona baba mmoja, mhandisi kwa kadi aliyovaa shingoni, amechuchumaa chini ya kitambaa akikaza skurubu za mashine ambayo mwanawe alikuwa akitabasamu nayo juu. Hakuna aliyemgusa. Meza iliyofuata ilikuwa na bango lenye taa zinazowakawaka, na mtoto aliyesimama hapo alikuwa akisoma jina la kazi yake kwa midomo, kimyakimya, kama anayekutana nalo kwa mara ya kwanza.

Profesa alikuwa amesimama mbele ya herufi zake za kijani. Aliinama, akatoa makopo ya dirishani kutoka katika sanduku, akayapanga mezani: yenye afya, yaliyojikunja, yaliyokufa. Mwalimu wa kemia alipita, akayaona, akayashusha yote chini ya meza. Akaondoka. Profesa akayapandisha. Mwalimu alirudi, akayashusha. Alipogeuka kumsalimu mtu, Profesa akayapandisha tena, na mara hii akaweka mikono yake miwili mbele ya yale ya katikati. Mwalimu alisimama, akamtazama, kisha akatazama upande wa majaji waliokuwa wamekwisha kuufikia mstari ule. Akajisogeza kando.

Fundi, pembeni yangu, alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu. Mkono wake ulikuwa umeishika kamba.

Jaji alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na kijana mmoja alimfuata akiwa na karatasi za alama. Hakumwacha Profesa afike "Waheshimiwa majaji". Alivaa miwani, akasoma bango, akainama juu ya makopo, akasoma bango tena.

"Bango linasema mimea imeokoka. Makopo yanasema imekufa. Mimi nimwamini nani?"

Yale aliyokaririshwa hayakuwa na jibu la swali hilo. Profesa aliligusa kopo moja la katikati.

"Makopo," akasema.

"Na bango?"

"Bango ni la mara ya kwanza. Ya mara ya kwanza yaliharibika. Yalipata maji ya bomba, mimi sikujua. Nimerudia. Chujio linaondoa povu na rangi, lakini haliondoi dawa. Litmasi ilikuwa ikiniambia tangu mwanzo."

"Aliyeyamwagia maji ya bomba ni nani?"

"Mtu wa nyumbani."

"Kwa makusudi?"

Profesa alitazama makopo, si sisi. "Alitaka yapendeze. Hakutaka kumdanganya mtu."

Jaji aliandika. Nilidhani yamekwisha. Lakini aliinua kichwa na kuuliza lile ambalo hatukuwa tumejitayarishia, si mwalimu, si mimi, na ambalo kwa mtafiti ndilo swali la kawaida kabisa.

"Haya maji uliyachota wapi? Saluni gani hii?"

Mtoto alisema neno lisilosikika, akalirudia, halikusikika. Kijana wa karatasi alisubiri na kalamu yake. Mwalimu wa kemia alikuwa ameyakaza macho yake sakafuni. Hapo ndipo mdogo wangu alipoinua mkono, kidole kimoja juu, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza anayeomba ruhusa.

"Ni yangu," akasema. "Saluni ni yangu. Na maji ya bomba niliyamwaga mimi."

"Mzazi, tafadhali," mlinzi wa kamba akamwambia.

"Nimemaliza," Fundi akasema, akaushusha mkono.

Jaji alimtazama kwa juu ya miwani, kisha akamgeukia Profesa, akamuuliza mambo mawili matatu kuhusu kiasi cha mkaa na upana wa ndoo. Profesa aliyajibu bila kurudi mwanzo wa sentensi hata mara moja. Walipoondoka, kijana wa karatasi alipiga mstari mrefu. Nilikuwa karibu vya kutosha kuuona ukipigwa.

Walipotangaza, jina lake halikutajwa. Ofisa mmoja alitueleza kwa adabu kwamba kazi iliyobadilika haipimwi, na kwamba mzazi alizungumza, hivyo hata ingepimwa ingepunguzwa. Nilimuuliza iwapo baba aliyekuwa chini ya meza na bisibisi alihesabiwa kuwa amezungumza. Akaniambia malalamiko hupokelewa kwa maandishi. Nimeyaandika. Nangojea. Mashine yenye skurubu ilishika nafasi ya pili. Mwalimu wa kemia alilikunja bango la kijani kwa uangalifu, akaondoka nalo bila kutuaga, na sina hakika kama alikuwa ametukasirikia sisi au la.

Tulirudi nyumbani. Hakuna aliyemlaumu mwingine, na hilo nililiogopa kuliko lawama.

Kesho yake, nikielekea kazini, nilipita saluni kuwatazama. Mteja wa mapema alikuwa amelaza shingo sinkini, macho ameyafumba, dawa ikisuuzwa. Lakini maji hayakuwa yakienda bombani. Fundi alikuwa amelichomoa bomba na kuweka beseni chini ya sinki, na beseni lilikuwa limejaa. Alilinyanyua kwa mikono miwili, akatoka nalo uani, mimi nyuma yake. Upande wa pili wa ukuta mfupi Bwana Mchicha alikuwa amesimama na jembe lake, akimtazama.

Fundi akasimama.

"Profesa," akaita. "Haya niyamwage wapi?"

Binti alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. "Sijui, mama."

"Si umepima?"

"Nimepima kwamba chujio halifai. La kufaa sijalijua." Akafikiri. "Labda siki. Siki inaweza kuivunja nguvu dawa. Lakini huenda yakaua kwa namna nyingine. Sijajaribu."

"Jaribu, basi."

"Itachukua siku."

Kutoka ndani mteja akapaza sauti, "Fundi, huku macho yananiwasha."

"Nakuja, mpenzi," Fundi akamjibu. Lakini hakwenda. Aliendelea kusimama pale, na beseni mikononi, maji yakitikisika hadi ukingoni, akitafuta kwa macho mahali pa kuyaweka.